Pango la Makpela Katika Hebroni

Mji wa Hebroni umo milimani, kusini ya Yerusalemu, mwendo wa kilometa 30 hivi. Waarabu huuita Al-Khalil, yaani Rafiki, kwa ajili ya Ibrahimu aliyeitwa rafiki wa Mungu. Huko alinunua pango kwa Efroni Mhiti, kwa shekeli 400 za fedha, apate kumzika Sara mkewe. Ukuta mkubwa unaolizunguka husemwa kuwa ni kazi ya Mfalme Herode.

Basi someni Mwanzo 25:9. Ishmaeli, yule aliyefukuzwa pamoja na mamaye kwa mkate na kiriba cha maji tu, alisimama hapo pamoja na Isaka, wakamzika baba yao. Hatuambiwi walisemezana nini. (Mimi ningependa sana kujua.) Baadaye Esau naye, aliyekusudia kumwua Yakobo kwa ajili ya mbaraka, alimzika Isaka pamoja naye.

Jengo lililo juu ya pango limegawanywa tangu mwaka 1994, baada ya Myahudi mmoja mwenye bunduki kuwaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali. Upande mmoja ni msikiti, upande wa pili sinagogi. Alama ya kaburi la Isaka iko kwa Waislamu, ya Yakobo iko kwa Wayahudi. Ile ya Ibrahimu iko katikati. Watu wa pande zote mbili huitazama kupitia vyuma vya madirisha, kila mmoja kwa dirisha lake.