Sikuomba, Nilibakizwa

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alikuja kwangu Changanyikeni akiwa na kompyuta yake kwapani. Alikuwa anajaza maombi ya kazi ya ukufunzi msaidizi, vyeti vyake vyote vimegongwa muhuri wa wakili. Akaniuliza, "Shangazi, wewe maombi yako uliyapeleka wapi?"

"Sikupeleka popote. Nilibakizwa."

"Kubakizwa ndiyo nini?"

Swali hilo lilinichoma. Enzi zetu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, neno hilo lilijulikana hata kwa wapishi wa bwalo. Wenzako wakimaliza mwaka wa tatu walisubiri serikali iwapangie kazi, Mtwara au Kigoma. Wewe idara ilisema: huyu abaki, afundishe.

Ilikuwa na sababu. Chuo kilipoanza Mtaa wa Lumumba mwaka 1961, walimu karibu wote walitoka ng'ambo. Idara ya Historia ilianzishwa na Terence Ranger, aliyekuja baada ya kufukuzwa Rhodesia. Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, akaja mwaka 1966. Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, alirudi na shahada ya uzamivu kutoka Northwestern, Marekani. Wengine wa kwetu ilibidi watafutwe madarasani, mmoja mmoja, kisha walelewe.

Mtafutaji mkubwa wa idara yetu hakuwa profesa. Alikuwa katibu muhtasi, mama mnene wa Tanga, chumba chake kando ya ngazi. Ukifika koridoni ulikutana kwanza na harufu ya chumba hicho: wino wa mashine ya kudurufu, karatasi zenye joto, na ile dawa nyekundu ya kufutia makosa kwenye stensili, iliyonukia kama rangi ya kucha. Vitabu vilikuwa haba, hivyo karibu kila tulichosoma kilipita mikononi mwake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye viungo, na alikuwa na kitambaa cha kanga kuukuu cha kuvifutia. Alijua nani alikuja kuchukua karatasi za semina mapema, nani aliomba nakala ya rafiki aliyelazwa, nani alirudi kusema ukurasa wa nne una kosa. Mimi nilikuwa huyo wa ukurasa wa nne. Hakukasirika. Aliniuliza jina, akaliandika.

Siku moja nikielekea kituo cha basi la UDA aliniita dirishani. "Mwanangu, mwalimu anakutaka." Mkuu wa idara alikuwa na matokeo yangu mezani, yaliyokwisha kupitiwa na mtahini wa nje. Aliniuliza kama napenda kufundisha. Nikamjibu kwamba naogopa. "Anayeogopa hujiandaa," akasema. Usaili wangu ukaishia hapo.

Nilikuwa nasimulia kwamba ilikuwa 1983. Nimefungua sanduku, barua ya ajira inasema Julai 1984. Basi, iwe 1984. Ninachokikumbuka vizuri zaidi ni semina yangu ya kwanza: wanafunzi kumi na watano, na mwalimu wangu ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango, kimya. Baadaye aliniambia makosa mawili tu. Wiki iliyofuata alikuja tena.

Sisemi utaratibu ule ulikuwa wa haki kwa kila mtu. Mwenzangu mmoja alinizidi alama, lakini alikaa nyuma na hakusema neno mwaka mzima. Hakuitwa. Tangazo la wazi lingemfikia, na hilo nalikubali kwa moyo wote.

Kisha ajira zikasitishwa, wenzetu wakaenda Botswana na Lesotho, na sisi tuliobaki tukaota mvi bila vijana wa kuwarithisha. Vyuo vikaongezeka. Siku hizi shahada ya kwanza lazima iwe na GPA ya 3.8, mwenye 3.7 hasomwi hata barua yake. Binti yetu huyu anayo, na bado kwa miaka miwili amekuwa mwalimu wa muda wa chuo kimoja, akilipwa kwa saa, malipo yakichelewa. Hakuna mkubwa aliyewahi kuingia darasani mwake kumsikiliza. Hilo linaniudhi kuliko malipo. Alama zinapimwa hadi nukta, lakini ufundishaji wenyewe hauangaliwi na mtu.

Jioni ile tulikwama kwenye nafasi ya wadhamini. Zilitakiwa sifa kutoka kwa watu watatu waliomfundisha. Akanyamaza. "Darasa letu lilikuwa na watu mia nne, Shangazi. Sijui nani ananikumbuka."

Sikuwa na jina la kumpa. Nikamwambia aweke kompyuta pembeni, asimame, anifundishe somo lake la kesho. Mimi nikahamishia kiti nyuma, karibu na mlango. Alisimama kando ya friji akanieleza biashara ya dhahabu ya Kilwa kwa dakika ishirini, mwanzoni kwa haya, kisha mikono ikafunguka. Alipomaliza nilimwambia makosa mawili. Akayaandika.

"Wiki ijayo," nikamwambia, "njoo tena."