Siri Walizozitunza Bibi Zetu

Nilizaliwa na virusi vya UKIMWI mwaka 1996, katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Kagera. Leo ni mke wa mtu na mama wa mtoto asiye na virusi. Mume niliye naye nilitafutiwa na mabibi wawili, wangu na wake, na ndoa yetu ilisimama siku siri walizokuwa wamezibeba zilipotoka. Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua ziko nyumba nyingi ambamo siri kama hizo bado zimefungiwa ndani.

Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa sana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoani kwetu, mwaka 1983. Wakati ugonjwa haujapata jina, watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikiingizwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wazee walizika watoto wao, kisha wakaanza kulea upya uzeeni. Baba yangu alitangulia, mama akafuata, nikabaki mikononi mwa bibi mzaa mama, katika kibanja chake cha migomba na mibuni.

Nilikuwa mtoto wa kuugua. Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, haikupita muda bibi akanipeleka kliniki. Aliniambia ni dawa za kifua. Makopo aliyabandua karatasi zake, ndani akashindilia pamba ili vidonge visigongane njiani na kuwashtua majirani. Saa ya dawa ilikuwa saa mbili usiku. Redio ikianza tu taarifa ya habari, bibi alikuwa ameshasimama mlangoni na kikombe cha maji, na hakuondoka mpaka aone nimemeza.

Nilipofika sekondari nilianza kuunganisha mambo mwenyewe. Mshauri nasaha wa kliniki akaniambia ukweli, bibi akiwa ameketi pembeni. Nilimkasirikia sana. Nilimuuliza kwa nini alinificha miaka yote ile. Alinijibu, "Mjukuu wangu, nilitaka kwanza upone, ndipo ujue ulikuwa unaugua nini." Sikuwa na jibu, lakini moyoni niliapa kwamba sitaolewa kamwe. Nani angenitaka?

Bibi alikuwa na rafiki wa kijiji jirani, mjane kama yeye. Sikujua walifahamiana wapi. Nilijua tu kwamba walipokutana walitafuna kahawa na kunong'ona hadi jua linazama. Yule bibi alinizoea akawa ananiita "mke mwenzangu," nami nikadhani ni utani wa wazee. Msimu wa senene ulipofika, alimtuma mjukuu wake, fundi seremala, atuletee gunia. Bibi yangu akadai macho yake hayaoni vizuri, akatuachia sisi wawili kazi ya kuchambua. Kazi ya senene haina haraka: unamshika mmoja mmoja, unamng'oa mbawa, unamng'oa miguu. Tulikaa kwenye mkeka hadi usiku. Kijana alikuwa mpole, msikilizaji, na alipocheka alifunika mdomo kwa mkono uliojaa mbawa. Baada ya siku ile kila wiki kulikuwa na kiti cha kurekebishwa kwetu, au mkungu wa ndizi wa kupelekwa kwao.

Aliponiambia anataka kutuma mshenga, nililia. Nilimwendea bibi nikamwambia nakimbilia Mwanza. Alinishika mkono akasema, "Posa isitangulie neno lako. Mwambie wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa jikoni nasali."

Nilimwambia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na baba yangu, alikufa kwa nini?" Tangu utotoni aliaminishwa kwamba baba yake alirogwa na mdogo wake wa tumbo moja kwa ajili ya shamba. Nyumba hizo mbili hazikusalimiana tena hata msibani. Lakini dalili nilizomsimulia za mama yangu ndizo alizoziona kwa baba yake.

Alikwenda kumuuliza bibi yake usiku huohuo. Yule bibi akafunguka yote. Hapakuwa na uchawi. Wazazi wa kijana walikufa kwa UKIMWI, na mdogo wake wa mwisho, aliyezaliwa na virusi, alifariki kabla dawa hazijamshika vizuri. Siku alizokuwa akimpeleka mtoto huyo kliniki ndipo alipokutana na bibi yangu kwenye benchi. Alinijua tangu nikiwa mdogo, alijua hali yangu, na bado alinitaka kwa mjukuu wake. Mjukuu alipomuuliza kwa nini hakumwambia, alisema siri ya binti ni ya binti. Kazi yake ilikuwa kuwaketisha pamoja tu.

Mchumba wangu alifanya jambo moja kabla ya kurudi kwangu. Alikwenda kwa baba yake mdogo, akapiga magoti, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Na mzee huyo aliyeitwa mchawi miaka yote ndiye aliyeongoza ujumbe wa posa.

Tulikwenda kliniki pamoja. Daktari alitueleza kwamba mtu anayemeza dawa kila siku, na kipimo kikaonyesha virusi havigunduliki katika damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mume wangu alipimwa, hana, na hadi leo hana. Nilipopata ujauzito sikukosa dawa hata mara moja. Mtoto alipewa dawa kinga tangu kuzaliwa. Alipofika wiki ya sita alitolewa tone la damu kisiginoni, na alipofika miezi 18, akiwa ameshaacha ziwa, akapimwa tena. Majibu yote yalikuwa mazuri. Bibi zetu walipiga vigelegele hadi wagonjwa kwenye foleni wakageuka.

Bibi na babu mnaolea wajukuu wenye virusi, nawaheshimu. Mlitubeba wakati hapakuwa na wa kutubeba. Lakini msisubiri mtoto agundue peke yake. Mwambieni kidogo kidogo, kwa umri wake, mkisaidiwa na washauri wa kliniki. Msimsingizie ndugu uchawi ili kuficha ugonjwa, kwa maana mnaokoa sifa ya marehemu mkiua undugu wa walio hai. Na wewe kijana unayemeza dawa huku umejikatia tamaa ya ndoa, meza dawa zako, sema kweli kabla ya mahari, na umwachie Mungu moyo wa atakayeisikia. Mimi niliisema kweli hiyo nikitetemeka, na Mungu akanipa mume, akampa mume wangu baba mdogo aliyempoteza.