Matandiko ya Mtoto

Mtu ajengaye nyumba hufikiri sana habari za mabati na simiti, lakini ni wachache kati yetu wanaokaa kitako kufikiri mtoto atalalia nini. Kwetu jambo hili lililetwa na kuzaliwa kwa mtoto wa pili. Kifungua mimba wetu, mwenye umri wa miaka 4, alikuwa akilala pamoja nasi, na sasa ilimpasa kuhamia chumba chake mwenyewe. Naishi karibu na mji wa Kakamega, ambako usiku una baridi na mbu hawakosekani, na mshahara wangu ni wa karani.

Mama yangu alishauri tununue blanketi zito lenye picha ya simba, pamoja na mto mkubwa wa sufi, ili watu wasije wakasema mjukuu wake analala kama mchunga ng'ombe. Nilimsikiliza kwa heshima, maana yeye utotoni alilalia ngozi, na machoni pake blanketi zuri ni maendeleo yenyewe. Lakini wageni hawaingii chumba cha mtoto usiku wa manane, mbu huingia. Blanketi tulinunua jepesi lisilo na mnyama.

Basi tulianza na chandarua. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya iligawa bure vyandarua vyenye dawa vipatavyo milioni 3.4 kwa ajili ya watoto wadogo, na tangu hapo nyumba nyingi zimevizoea. Hata hivyo wengi hawajui kwamba chandarua kipya hutundikwa kwanza kivulini muda wa siku moja, na kwamba kikifuliwa hakianikwi juani, kwa kuwa jua huiharibu dawa. Pindo zake huchomekwa chini ya godoro pande zote. Kwa sababu hiyo tulipima chandarua kabla ya kwenda kununua godoro, kwani kisipofika chini hakimzuii mbu.

Dukani tulionyeshwa godoro la sponji la inchi 8, laini mno. Nililibonyeza kwa kiganja, likabaki na shimo. Jingine la inchi 4, futi 2 na nusu kwa 6, liliinuka mara nilipoondoa mkono. Nikalichukua hilo, ijapokuwa muuzaji alinitazama kama bahili. Kwa yule mchanga jambo hili ni zito zaidi: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja yafaa alazwe chali, juu ya godoro gumu, bila mto wala nguo laini karibu na uso wake, kwa kuwa pumzi ikizibwa hawezi kujinasua. Tena sponji hushika moto upesi sana, kwa hiyo koroboi haiingii chumba kile.

Kitu ambacho mke wangu alikishikilia kuliko vyote ni karatasi ya nailoni ya kutandika juu ya godoro, na shuka za pamba mbili badala ya moja. Hapo ndugu msomaji ataelewa sababu. Mtoto wa umri huo akijikojolea usiku si mgonjwa wala si mkaidi. Mwili wake haujajifunza bado. Lakini nazijua nyumba ambamo mtoto hutwikwa godoro kichwani asubuhi, mbele ya majirani, eti apate haya. Haya anazipata, na kukojoa hakukomi.

Usiku wa tatu katika chumba chake, mtoto wetu aliilowesha shuka. Asubuhi tuliikuta imesokotwa chini ya kitanda, naye amejikunyata ukutani, macho ameyafumba kwa nguvu. Hatukuwa tumempiga kamwe kwa jambo hilo. Hofu ile aliiona kwa watoto wenzake. Mke wangu hakusema neno. Aliifuta nailoni, akatandika shuka ya pili, akamwita ashike ncha moja wakati yeye akishika nyingine, kisha wakaenda wote wawili kuifua ile ya kwanza.

Siku hizi yeye ndiye huja kuniamsha. "Baba, leo shuka ni kavu," husema, au, "Baba, leo imelowa," kwa sauti ile ile.