Karo Iliyogeuka Mdundo

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila siku mimi na wenzangu hupanda matatu, muziki ukatutikisa hadi mifupani, tukashuka na kwenda zetu. Mwimbaji tunamjua kwa jina, na hata viatu alivyovaa tunavijua. Lakini yule aliyekesha mbele ya kompyuta akiutengeneza ule mdundo, nani anamjua? Msomaji mpendwa, leo nataka kukusimulia kazi ya mtu huyo, na jinsi ilivyonitia matatani nyumbani kwetu Mashimoni, Kibera.

Mtoto wa shangazi yangu ni DJ na pia ni prodyuza. Studio yake ni chumba kimoja cha mabati, futi 10 kwa 10, nyumba chache kutoka kwetu. Ukutani amebandika trei za mayai na vipande vya godoro kuukuu ili sauti isirudi rudi. Watu humcheka ati amefungua duka la mayai. Ndani mna kompyuta moja, maikrofoni iliyovalishwa soksi, na spika mbili. Mvua ikinyesha hakuna kurekodi, maana mabati hupiga kelele kumshinda mwimbaji. Gari la moshi likipita, kazi husimama. Kwa hivyo yeye hupenda kurekodi usiku wa manane mtaa ukiwa umelala, na ndiyo sababu Mama hakutaka hata kusikia nikiitaja studio hiyo.

"Msichana wa shule, usiku, kwa chumba cha wavulana? Hiyo sahau kabisa," alisema.

Nilibembeleza mpaka tukapatana niwe nikienda Jumamosi asubuhi tu, tena na mdogo wangu.

Huko nilipata shule nyingine. Somo la kwanza lilikuwa kusikiliza. Binamu alinisimulia habari za DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyepiga muziki katika karamu ya dada yake huko Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973. Watu wengi huhesabu siku hiyo kuwa ndiyo mwanzo wa hip hop. Herc aliona kuwa wachezaji walikuwa wakingojea ile sehemu ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma kubaki peke yake. Sehemu hiyo ilikuwa fupi mno. Basi alichukua santuri mbili za wimbo mmoja, akaziweka kwenye mashine mbili. Hii ikimaliza ngoma, anaingiza ile, huku akiirudisha ya kwanza nyuma. "Hakuimba hata neno moja," Binamu aliniambia. "Alitazama tu miguu ya watu."

Somo la pili lilikuwa la kwetu Nairobi. Ndugu wawili, Francis na Lucas Bikedo, ndio waliokuwa nyuma ya Ogopa Deejays. Jina lao lenyewe linakuonyesha kuwa walitoka kwenye santuri wakaingia katika utengenezaji wa nyimbo. Mikononi mwao walipitia akina Nameless na E-Sir, yule kijana wa South C aliyefariki katika ajali ya barabarani Machi 2003, na ambaye Kiswahili chake katika albamu ya Nimefika bado ni raha kukisikiliza. Nchi nzima ililijua neno "Ogopa", lakini ndugu wale wenyewe hawakupenda kujitokeza mbele ya watu. Naye Clement Rapudo, anayeitwa Clemo, alishirikiana na Jua Cali kuanzisha Calif Records karibu na mwaka 2000. Jina hilo walilitoa kwenye mtaa wao wa California, ule ulio karibu na Eastleigh. Kutoka huko ukaja muziki wa genge, yaani wa kundi la watu, wa kijiweni, kwa lugha ya kijiweni.

Somo la tatu lilinishangaza, kwa maana lilikuwa hesabu. Mdundo ukiwa na mapigo 90 kwa dakika, beti ya hatua 16, kila hatua ikiwa na mapigo manne, huchukua kama sekunde 43. Hebu piga hesabu mwenyewe! Tangu siku hiyo niliacha kuuliza hesabu itanisaidia nini maishani.

Sasa ndipo mambo yalipoharibika. Muhula wa pili Mama alinipa shilingi 2,500 za chakula cha mchana shuleni. Mama hufua nguo mitaa ya watu, na siku akipata kazi hulipwa kama shilingi 500. Pesa zile zilikuwa siku tano za mikono yake kwenye maji ya sabuni. Jioni hiyo hiyo stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikachoma kompyuta ya Binamu. Jumamosi alikuwa na harusi Kawangware, na bila kompyuta hakuna kazi. Alikaa kwenye kreti ya soda akashika kichwa. Nilimwonea huruma. Nilitoa zile pesa mfukoni nikampa, nikijiambia kwamba Jumamosi jioni zitarudi na hakuna atakayejua.

Kompyuta ilitengenezwa. Jumamosi tulifuata mkokoteni uliobeba spika, tukatoka Kibera, tukashika Ngong Road, tukaingia Naivasha Road hadi Kawangware. Saa tisa mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Wageni walikimbilia kwenye nyumba za majirani. Mwenye harusi alikuwa amebakisha kulipa shilingi 5,000, akatoa 1,500 na kusema muziki haukuchezwa. Wa mkokoteni na wa jenereta walipochukua chao, hatukubaki na kitu. Tulirudi tumelowa chapachapa, kimya, kila mtu na mawazo yake.

Jumatatu nilirudishwa nyumbani kwa kukosa kulipa. Za mwizi ni arobaini, lakini zangu hazikufika hata kumi. Mama hakunipiga. Alikaa kitandani akaniuliza polepole, "Si nilikupea pesa ya shule? Iko wapi?" Nilimweleza yote. Alitazama viganja vyake, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Baadaye alisema, "Haya, nieleze. Hiyo kazi ya kelele imewahi kulisha nani?"

Nilidhani nimepata mwanya. Nilimkumbusha Unbwogable, wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji wa mwaka 2002, uliovuma katika kampeni za uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Mama aliukumbuka vizuri, akatabasamu kidogo. Nikamwambia aliyeutengeneza ni Tedd Josiah.

"Na sasa huyo anafanya nini?"

Sikuweza kumdanganya mara ya pili. Nilimwambia miaka ya baadaye aligeukia kutengeneza mikoba ya ngozi.

Mama alipiga makofi. "Umeona? Mikoba!"

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo Mama aliniongoza hadi studioni. Binamu alisimama, akamwamkia na kumpa kile kiti kimoja. Mama hakuketi. Alimwuliza, "Mwanangu, kuna watu wangapi wenye deni lako?" Binamu alianza kuhesabu kwa vidole, akachanganyikiwa. Hakuwa ameandika popote.

Mama aliamua hapo hapo. Mimi ningekuwa mwandishi wa vitabu vya studio kila Jumamosi, mpaka pesa zake zirudi. Nilinunua daftari kubwa, tukakaa na Binamu tukikumbuka. Tangu Januari alikuwa amerekodi nyimbo 14, kila moja shilingi 1,000. Alikuwa amepokea shilingi 5,300 peke yake. Nyingine 8,700 zilikuwa zikitembea Mashimoni na Laini Saba ndani ya mifuko ya watu, tena wakimsalimia, "Niaje, prodyuza!"

Katika daftari niliongeza ukurasa wa mapatano: nani ameandika maneno, nani ametengeneza mdundo, ametoa ngapi, amebakisha ngapi, kisha sahihi. Nilisoma kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50. Haki ya aliyetunga wimbo ni kitu kimoja, na haki ya mwenye ile rekodi ni kitu kingine. Lakini kama hamkuandikiana, siku wimbo utakapopigwa redioni mtaanza kupigana kwa maneno matupu. Wengine walinuna walipoona daftari, na wawili wakahama studio. Waliobaki walianza kulipa. Kwa wiki tisa pesa za Mama zilirudi zote, na ya mwisho nilimpelekea mwenyewe ikiwa ni noti moja ya mia mbili.

Wenzangu, sikuandika haya ili mtoroke shule mkanunue spika. Nimeandika kwa sababu nilikuwa nikiiona kazi hii kwa macho ya mtu anayecheza muziki, na sasa naiona kwa macho ya mtu aliyeshika daftari. Mdundo mzuri haukuokoa pesa za Mama, kalamu ndiyo iliyoziokoa. Nimechagua Fizikia, kwa maana sauti ni mawimbi, na Binamu mwenyewe huniuliza maswali ya mawimbi ambayo yeye hakuyamaliza shuleni.

Mama bado hajasema ndiyo. Lakini Jumamosi iliyopita, nikiwa nimejifunga kanga nikifagia, aliniuliza, "Wewe, leo hauendi kuandika deni za watu?" Nilitupa ufagio nikaenda mbio.

Haba na haba hujaza kibaba.