Kapteni Aliyebaki Ng'ambo ya Ziwa Letu

Juzi jioni tulikuwa tukipukuchua mahindi barazani hapa Namanyere. Kijana wangu, kitinda mimba, akasema, "Baba, nataka kwenda jeshini." Mama yake akaacha kupukuchua. Mimi nami sikujibu upesi. Siku za ujana wangu mtu mmoja mwenye bunduki alinichapa njiani mbele za watu, kwa kuwa tu sikumpisha haraka na baiskeli yangu. Kidonda cha mgongoni kilipona zamani. Cha moyoni bado. Nikajiuliza: je, nimtoe mwanangu akawe kama yule?

Kijana akanisimulia majemadari wa Marekani aliowasoma kitabuni. Akamtaja Eisenhower, aliyeongoza majeshi yaliyoshuka pwani ya Ufaransa mwaka 1944, na baadaye akawa rais. Akamtaja George Washington, ambaye vita vilipokwisha, mwaka 1783, aliurudisha uongozi wa jeshi akaenda zake shambani. Hilo nalisifu, maana wengi wakiisha kushika bunduki hawataki kuiweka chini. Lakini nikamwambia, "Mwanangu, shamba lile la Washington lililimwa na watumwa. Ngoja nikusimulie afisa aliyepigana ili watu wasifanywe watumwa, tena hapa karibu nasi."

Basi, msomaji, sikiliza nawe. Ukishuka Kirando siku hewa ni safi, unaona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Upande ule aliishi Kapteni Léopold Joubert. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Mwaka 1860 alijiunga na askari wa kujitolea wa Baba Mtakatifu, waliokuja kuitwa Mazuavu, akawatumikia mpaka Roma ilipotekwa mwaka 1870. Mwaka 1880 alikuja Afrika kuwalinda Mapadre Weupe waliotumwa na Askofu Lavigerie, na mwaka 1887 akafika Mpala, ng'ambo ya Karema yetu.

Siku zile vijiji vya kando ya ziwa vilichomwa moto, watu wakafungwa minyororo na kuvushwa mpaka Ujiji, wakapelekwa pwani. Joubert hakuja na jeshi kubwa. Aliwafundisha wanavijiji wenyewe kulinda nyumba zao, na waliokimbia utumwa wakaja kujenga karibu naye. Mara nyingi alishambuliwa na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, na hali ilikuwa ngumu sana hata mwaka 1891, kilipofika kikosi cha Kapteni Jacques wa Ubelgiji kumsaidia.

Sitaki kukudanganya kwamba alikuwa malaika. Alikuwa Mzungu mwenye silaha, tena mtawala, wakati ule mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakigawana nchi zetu. Lakini tazama alivyofanya baadaye. Vita vilipokwisha hakufunga mizigo arudi kwao kutafuta nishani. Mwaka 1888 alikuwa amemwoa Agnes Atakao, binti wa nchi ile, kwa ndoa takatifu. Walilea watoto, na wana wao wawili wakawa mapadre. Ugonjwa wa malale ulipowasumbua watu, mwaka 1910 alihamia nao Misembe, upande wa Moba, akaishi huko kama mzee wa kijiji. Alifariki tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85, akazikwa Afrika.

Nilipokwisha kusimulia, nikamwonyesha kijana wangu kovu la mgongoni, ambalo sijamwonyesha mtoto yeyote. Nikamwambia, "Aliyenipiga alikuwa na bunduki, na Joubert naye alikuwa na bunduki. Yule aliitumia kumtisha mtu wa baiskeli. Huyu aliitumia kumlinda mtu aliyekimbia minyororo. Nenda, nakubariki. Ila siku utakapomwona mkulima njiani, kumbuka ni baba yako." Kijana akainamisha kichwa. Mama yake akafuta machozi, akaendelea na mahindi.

Nawe msomaji, ukiwa na kijana atakaye kuvaa sare, usimkataze kwa hasira, wala usimsifu kwa ajili ya viatu na mshahara tu. Muulize kwanza: "Utamlinda nani?" Halafu umsikilize anavyojibu.