Tumbo Nalo Lina Habari



Mwaka 2017, vita ilipofika kijijini kwetu upande wa Pweto, hatukufanya mkutano. Tulisikia risasi, mama watoto akabeba mtoto, mie nikabeba sufuria, tukakimbia kuelekea Chiengi. Tuliamua kwa kufumba jicho. Lakini hapa Mantapala, swali la kurudi ao kubaki tumelizungusha miezi mingi bila jibu. Kwa nini?

Wenye kuchunguza ubongo wanaeleza hivi. Ndani ya ubongo, kuume na kushoto, kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala. Hatari ikija, inasaidia kushtua mwili kabla hatujamaliza kufikiri: moyo unadunda, miguu inatoka. Kupima mambo ya kesho kunategemea zaidi sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, na kazi hiyo inaenda polepole.

Basi mie nikadhani kuamua vizuri ni kunyamazisha moyo. Nikapiga hesabu: shamba la baba kule, shule ya watoto hapa. Mama watoto akasema, "Baba watoto, nikiwaza ile njia, tumbo linakaza." Nikamjibu, "Hiyo ni woga tu, si sababu."

Nilikosea. Daktari Antonio Damasio, katika kitabu chake cha 1994, aliandika juu ya mgonjwa aliyeumia ile sehemu ya nyuma ya paji. Akili yake ilikuwa nzima. Alipewa siku 2 achague moja ya kurudi kumwona daktari. Akahesabu sababu karibu dakika 30, asichague. Alipotajiwa siku, akakubali mara moja. Hesabu alikuwa nayo. Alichokosa ni ile hisia ya mwilini inayosema, "hii afadhali."

Nikajiona mie mwenyewe. Jioni nikamwuliza mama watoto, tumbo linakaza kwa jambo gani? Akasema, "Ile siku tulilala porini, mtoto anawaka homa, hakuna dawa." Kumbe woga wake ulikuwa na habari ndani. Tukaamua: tutawauliza waliorudi kama dispensari ya kule inafanya kazi, na mpaka mihogo yetu ivunwe, tunabaki.

Wandugu, risasi ikilia, kimbia. Lakini safari ya kurudi msiiamue siku ya hasira ao ya njaa. Na usidharau tumbo la mwenzako. Uliza linasema nini.

Amani kwenu.