Mdomo na Sikio

Kujua namba ya kitu si kujua kazi yake. Ukweli huu ulidhihirika Muheza, mji wa machungwa uliofikiwa na reli ya Tanga mwaka 1896, katika kibanda cha fundi mmoja wa redio na kompyuta.

Ililetwa kibandani kompyuta kuukuu ya Sun, ya miaka ya 1990, ambayo kioo chake kilikuwa kimekufa. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za mvua za miaka mingi, wala nakala nyingine haikuwapo. Njia iliyobaki ilikuwa kuichomoa kibodi, maana hapo kompyuta ya namna ile hupeleka maneno yake kwenye soketi ya nyuma, yakasafiri katika waya biti moja baada ya nyingine, kama siafu njiani. Kanuni ya mawasiliano hayo, RS-232, ilitungwa Marekani mwaka 1960.

Mwanafunzi wa fundi alikuwa amehifadhi somo: mbili huenda kwa tatu, na tatu kwa mbili, ili mdomo wa mmoja uelekee sikio la mwenzake. Akalehemu hivyo. Kompyuta ya pili haikuonyesha hata herufi moja. Akarudia mara tatu. Mwenye mali akainama kama mfiwa.

"Mwanangu," fundi alisema, "usiiulize namba. Iulize pini yenyewe."

"Naam, Mzee."

Waya ukachomolewa, mita ikaletwa. Katika soketi kubwa ya pini 25, ardhi ni pini 7. Pini 2 ilionyesha volti hasi: huo ndio mdomo. Pini 3 ilitulia karibu na sifuri: hilo ndilo sikio. Katika soketi ndogo ya pini 9, ardhi ni pini 5, na mambo yaligeuka: mdomo ulikuwa pini 3, sikio pini 2. Kumbe kijana alikuwa ameelekeza mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio.

Mbili ikalehemiwa kwa mbili, tatu kwa tatu, saba kwa tano. Herufi zikaanza kuteremka, 960 kwa sekunde, na mvua za zamani zikarudi mwaka kwa mwaka.

Somo la kijana halikuwa uongo. Lilikuwa kweli kwa soketi mbili za pini 25. Lakini alilipokea bila sababu yake, na elimu isiyo na sababu hupotea njia mara tu ibadilikapo soketi.